Debe si kopo



Najua nimeadimika. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo moja limenikaa kooni tangu Desemba 2023, na kila nikijaribu kuandika kitu kingine linanirudia. Leo nimeamua nilitoe.

Mnakumbuka tarehe 3 Desemba mwaka ule. Tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaingia mjini Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilijaa tope hadi madirishani, nyingine hazikuonekana tena zilikuwa wapi. Siku chache baadaye nilikuwa Katesh. Nilikuwa natafuta habari za kuandikia tovuti moja ya nje, kwa Kiingereza. Siitaji jina, maana waliniajiri kwa heshima na walinilipa.

Nikakutana na mama mmoja, mtu mzima, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole kwa yaliyowakuta."

"Tumeshapoa. Tutafanyaje."

Familia yake, watu saba, wote walikuwa hai. Alimshukuru Mungu kwa hilo mara tatu au nne. Nikamuuliza amepoteza nini. Hakutaja kitanda, wala godoro, wala redio. Alisema, "Nilikuwa na debe tano za mahindi. Zimekwenda zote."

Alisema hivyo huku anaangalia chini, kama mtu anayetaja marehemu. Nikaandika kwenye daftari: debe tano, mahindi. Nikaondoka.

Usiku, pale nilipofikia, nikakaa na kompyuta. Nikaandika "five tins of maize". Sikufikiri hata dakika moja. Shuleni tulifundishwa hivyo, debe ni "tin". Kiingereza cha huku kwetu, cha Arusha na Nairobi, kinasema hivyo na kila mtu anaelewa. Nikatuma, nikalala.

Habari ikatoka. Ilikuwa nzuri, picha nzuri, jina langu lipo. Ila kwenye aya ya tatu nikaona "five cans of corn".

Jamani! Makopo matano ya mahindi! Yale ya kwenye supamaketi, yenye picha ya hindi la njano, yanayofunguliwa kwa kuvuta kijipete! Mlima umeporomoka, watu wamekufa, na mama wa watu anaonekana analia kwa sababu ya makopo matano ambayo yangeenea kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Nilijipa moyo kwamba hapa kwetu hakuna atakayeisoma. Nilikosea. Mtoto wake wa kiume alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa na simu ya kuazima. Aliitafuta habari, akaipata, akamsomea mama yake kwa Kiswahili. Siku mbili baadaye nikapigiwa.

"Mwanangu, mimi nilikuambia makopo?"

"Hapana mama."

"Mbona mtoto anasoma makopo?"

Nikaanza kueleza habari za mhariri, na Kiingereza cha Ulaya na cha Marekani. Akanikatisha, kwa upole kabisa: "Watu wakisoma hivyo si watasema mimi ni mwongo? Au nimechanganyikiwa?" Sikuwa na jibu. Nilisema samahani, akasema haya, akakata simu.

Ndugu zangu, nimewahi kukosea jina la kijiji, nimewahi kukosea cheo cha mtu. Sikuwahi kuona aibu kama ile.

Nilimwandikia mhariri. Ni dada mpole, alijibu haraka. Alisema kwa wasomaji wake "tin" ni kile kikopo cha maharage, na wengi wao ni Wamarekani ambao huita mahindi "corn", kwa hiyo yeye alinisaidia tu ili sentensi iwe Kiingereza cha kawaida. Alirekebisha siku ileile. Akaongeza: mara nyingine andika kwa namna ya asili zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Ya asili kwa nani? Kiingereza chake kilikuwa cha asili kabisa. "Cans of corn" haina kosa hata moja la sarufi, na mtoto wa Chicago angeisema hivyo hivyo. Kosa lake ni kwamba si kweli. Na mimi ndiye niliyemfungulia mlango, kwa kuandika neno la kwanza lililokuja bila kujiuliza msomaji ataona nini kichwani mwake.

Tuhesabu. Gunia la mahindi la kilo 100 hujazwa na debe sita. Kwa hiyo debe moja ni kama kilo 16 au 17. Debe tano ni zaidi ya kilo 80, karibu gunia zima. Debe lenyewe asili yake ni lile bati la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Siku hizi sokoni utaona ndoo ya plastiki ya lita 20 inafanya kazi hiyo, lakini jina limebaki debe. Sasa chukua kilo 80 na zaidi, ziweke kwenye kopo la supamaketi. Umeona nilichomfanyia yule mama?

Tangu siku ile nimekuwa kama mgonjwa. Nikiingia sokoni, nikiingia mgahawani, nafanya tafsiri kichwani. Na nimegundua kwamba vipimo vya chakula na vinywaji ndipo mahali ambapo lugha zinadanganyana huku zinatabasamu.

Chukua chai. Ukifika kwa mtu Dongobesh asubuhi ya baridi, na baridi ya Mbulu mnaijua, utaletewa chupa ya chai. Andika "a bottle of tea", na Mwingereza ataona chai ya baridi kwenye chupa ya plastiki. Sisi tunamaanisha ile chupa inayohifadhi joto, ya kumiminia watu sita. Kwa Kiingereza hiyo ni "a flask of tea". Neno moja tu limebadilika, na ukarimu wa mwenye nyumba umerudi mahali pake.

Chukua mkate. Mikate miwili si "two breads". Kwao mkate kama chakula hauhesabiki, unahesabu "loaves". Nilipokuwa mdogo niliona huo ni ukorofi tu wa Waingereza. Kumbe na sisi tunao. Nani amewahi kusikia "ji moja"? Maji, maziwa, mafuta, yote yako katika wingi na hayana umoja. Hata Kiiraqw, maji ni ma'ay, na yenyewe yanakwenda kwa wingi. Lakini ukiwa kaunta, sheria zote zinalala. Unasema "nipe maji makubwa mawili", na mhudumu hashangai. Mwingereza naye akifika pale pale atasema "two large waters", na mwalimu wake wa sarufi hayupo. Kwa hiyo usiwaamini wanaosema Kiingereza hakiruhusu. Kinaruhusu, ila uwe umeegemea kaunta.

Chukua vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu inajulikana kwalo, hasa upande wa Bashay. Kile kitunguu kizima wao wanakiita "bulb" au "head". Punje moja moja wanaiita "clove". Haya, mpe mtu asiye makini atafsiri "three cloves" kurudi Kiswahili. Atakuandikia karafuu tatu! Nimeiona kwa macho yangu kwenye maelekezo ya mapishi. Mchuzi wa kuku na karafuu tatu unalika, lakini si ule mchuzi.

Na ndizi: mkungu ni "bunch", kichane ni "hand". Tena hii ya mkono mimi naipenda, maana ukikitazama kichane vizuri kweli kina vidole.

Lakini kuna vipimo ambavyo Kiingereza kinavikwepa. Fungu la nyanya ni nini? Kamusi itakupa "heap" au "pile". Sawa, nyanya ni lundo dogo kweli, tatu chini na moja juu. Lakini fungu ni bei pia. Mama muuza nyanya habadilishi bei kirahisi, anabadilisha fungu. Nyanya zikiwa nyingi fungu lina tano, zikiadimika lina tatu, na pesa ni ileile. Ukiandika "a pile of tomatoes" umeeleza umbo, hujaeleza biashara.

Vilevile mafuta ya kupikia. Dukani kijijini watu hawaombi mililita. Wanasema "nipe mafuta ya mia tano". Kipimo ni pesa yenyewe. Hapa Kiingereza kina neno zuri, "five hundred shillings' worth of oil". Siku hizi naliandika hivyo hivyo, silibadilishi kuwa mililita, kwa sababu mililita zingeficha jambo la maana: huyu mtu ananunua mafuta ya mlo mmoja, kwa pesa iliyopo mkononi leo. Na "robo ya sukari" usiiache "a quarter of sugar". Sema "a quarter kilo", au gramu 250, msomaji asikae akijiuliza robo ya nini.

Halafu kuna sado. Kwa wasiotoka kaskazini: sado, au sadolini, ni kopo la rangi la lita 4, na jina limetoka kwenye rangi za Sadolin. Rangi ilikwisha, kopo likabaki, likawa kipimo cha viazi, vitunguu na maharage. Sado tano zinajaza ndoo ya lita 20. Wakenya wao wana gorogoro, la kilo 2, nalo lilianza maisha kama kopo la mafuta ya kupikia. Watu wa pwani walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi. Hata leo Waislamu wakitoa zaka ya Fitri wanaizungumzia pishi, na wengi wanaihesabu kama kilo 2 na nusu. Kila mahali ni hadithi ile ile: chombo kilichokuwa karibu na mkono ndicho kilichogeuka neno.

Mpaka hapo mnaweza kusema, huyu anacheza na maneno. Ngojeni.

Miaka michache kabla ya Katesh niliombwa kutafsiri kikaratasi cha afya, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Kilieleza jinsi ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari nyumbani, pale ambapo pakiti za dawa hazipo. Maelekezo yanajulikana duniani kote: lita 1 ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kiingereza kilisema "level teaspoon". Mimi nikaandika "kijiko". Kijiko si kijiko?

Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alisoma rasimu yangu akaweka kidole. "Kijiko kipi?"

Nikasema cha kawaida.

"Cha kawaida huku ni kile cha kulia wali. Nyumba nyingi hazina kile kidogo. Na hapa hujasema kama kijae au kifutwe."

Kijiko cha chai ni mililita 5. Kijiko kikubwa cha mezani ni mililita 15. Kwa neno moja nililoliona jepesi ningemnywesha mtoto aliyeishiwa maji chumvi mara tatu ya inayotakiwa, na kama mama yake angejaza kijiko kwa nia njema, zaidi ya hapo. Chumvi nyingi kwa mtoto wa namna hiyo si ladha mbaya, ni hatari. Yule muuguzi alisahihisha kwa kalamu nyekundu: "kijiko kidogo cha chai, kilichofutwa". Nikacheka wakati ule, nikasahau. Ningekuwa nimejifunza, nisingemfikisha yule mama wa Katesh kwenye makopo.

Na suala hili la kufutwa na kujaa si dogo. Pwani wazee walikuwa na neno kabisa, kipimo cha mfuto, yaani kile kilichopitishwa kijiti juu kikawa sawa na mdomo wa chombo. Sokoni kwetu anayeuza anapenda debe lifutwe, anayenunua anapenda liwe na mlima. Anayeshinda ni mwenye nguvu, na mara nyingi mwenye nguvu ni mnunuzi aliyekuja na lori.

Ndiyo maana kuna lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu, nacho kinajazwa, halafu linahesabiwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo. Wakala wa Vipimo upo tangu 2002, na kila msimu unakumbusha kwamba mazao yafungashwe yasizidi kilo 100 na yapimwe kwa mizani. Lakini mkulima wa vitunguu aliyesimama shambani na deni la mbegu hana mizani, na dalali anayo haraka.

Sasa niambieni, lumbesa kwa Kiingereza utaiandikaje? Nimesoma habari nyingi zilizoandika "a bag" tu: mkulima aliuza "ten bags". Ni Kiingereza safi, kinateleza kama uji. Na kimemsaidia dalali kuficha kile kilemba. Msomaji atapiga hesabu ya bei gawanya kwa kilo 100, aone mkulima kapata pesa nzuri. Hataona zile kilo alizotoa bure. Hapo neno la asili limekuwa upande wa mwizi. Mimi siku hizi naandika "overfilled sack", halafu naeleza kwa nini, hata kama mhariri atanung'unika kuhusu nafasi.

Baada ya haya yote nimejiwekea utaratibu, na nawaachia wenzangu mnaoandika au kutafsiri muuchukue mkiona unafaa. Kwanza nataja chombo kwa jina lake, debe libaki debe, kama Waingereza wanavyotaka "pint" yao ibaki "pint" hata huku kwetu kwenye lita. Pili nasema uzito au ujazo. Tatu, na hili ndilo nililolisahau Katesh, namuuliza mwenyewe: inakaa muda gani? Inalisha watu wangapi? Kilo ni namba tu kwa mtu ambaye hajawahi kubeba gunia. Siku za kula kila mtu anazielewa.

Hilo la tatu lilinirudisha Hanang. Sikutaka kulimaliza kwa simu. Nilipopata safari ya Singida nikashuka Katesh, nikamtafuta. Alikuwa amehifadhiwa kwa ndugu yake. Nilimwomba radhi uso kwa uso, kisha nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza.

"Mama, zile debe tano zingewafikisha wapi?"

Hakuhitaji hata kufikiri. "Debe moja kwetu ni siku kumi, nikibana. Zingetufikisha Januari, shule zinafunguliwa. Hapo ningeuza mbuzi."

Siku hamsini. Watu saba, siku hamsini. Kichwani mwake hesabu yote ilikuwa imekamilika mpaka mbuzi. Hicho ndicho tope lilichokichukua, na ndicho alichokuwa ananiambia alipoangalia chini. Mimi nikasikia chombo tu.

Nikamwandikia tena yule mhariri, akaweka sentensi mpya: "five debes of maize, more than 80 kilos, enough to feed her household of seven for fifty days". Ni ndefu. Si ya kuvutia. Sijui kama mtoto wa Chicago angesema hivyo. Lakini sasa akiisoma atajua huyu mama alilia nini.

Nilimsomea mama sentensi hiyo kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa, akasema, "Hapo sawa." Kisha akaniuliza, "Umeandika zilikuwa za kujaa?"

"Hapana mama."

"Zilikuwa za kujaa. Mimi sifuti debe la watoto wangu."

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, hata sasa bado kuna kosa. "Heaped", ndilo neno. Nimelituma.

Haya, kwa leo niishie hapa. Mlioko Mbulu, vaeni vizuri, baridi hiyo si ya mchezo. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.